Maneno ya Kwao Katika Nyimbo za Kale

Mwalimu akiwasomea wanafunzi wa bara wimbo wa kale wa pwani, hakawii kukuta maneno ambayo hawakufundishwa. Wamejua macho, nao wasikia mato. Wamejua machozi, wasikia matozi. Wamejua njia, wasikia ndia. Wamejua uchungu, wasikia utungu. Wamejua maji, wasikia mai. Mara huulizwa: Je, mpiga chapa amekosea? Hakukosea. Maneno hayo ni ya kwao mtunzi, naye aliyaimba kama alivyoyapokea kwa mama yake.

Nia ya insha hii ni kuchunguza kazi ya maneno ya namna hiyo katika moyo wa msikilizaji: yawezaje kuamsha huzuni, au shauku, au heshima, na tukiyabadili yawe ya Kiswahili Sanifu, wimbo wapoteza nini. Sisi tukaao Issenye, katika Wilaya ya Serengeti, jambo hili latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, Kiswahili tulikipokea shuleni, kikiwa kimekwisha kusanifiwa, wala lahaja zake hatukuzisikia utotoni. Pili, lugha yetu ya nyumbani, Kiisenye, ni ndugu ya Kinata na Kiikoma, hata wataalamu wengi huzihesabu tatu hizi kuwa lugha moja yenye matawi. Basi habari ya maneno yanayofanana bila kuwa sawasawa si ngeni kwetu, na historia ya nyimbo za pwani yaweza kutufundisha namna ya kuzitunza za kwetu.

Kwanza yafaa tuone kwamba tofauti hizi si za ovyo, bali zina kanuni. Sauti ambayo Kiunguja huitamka ch, Kiamu cha Lamu na Kimvita cha Mombasa huitamka t mahali pengi: kichwa ni kitwa, mchanga ni mtanga, cheka ni teka. Penye nj ya Kiunguja, watu wa Lamu husema nd: njoo ni ndoo, njaa ni ndaa. Tena j ya Unguja hulegea Lamu ikawa y, au ikatoweka kabisa: jua ni yua, jina ni ina, maji ni mai. Mtu akizijua kanuni hizi tatu, ataweza kuzisoma beti nyingi za kale zilizokuwa zimemfunga mlango.

Sasa na tufanye jaribio dogo. Chukua neno matozi, uliweke machozi mahali pake. Mizani ni tatu hapa na tatu pale. Kina cha mwisho ni zi hapa na zi pale. Chukua utungu, uliweke uchungu: mizani tatu kwa tatu, na kina ni ngu kwa ngu. Mwimbaji hatakosa pumzi wala ngoma haitapotea. Wako watu wasemao kwamba huzuni ya wimbo yote imo katika sauti ya mwimbaji na mwendo wa ala, wala neno si kitu. Sikatai kwamba sauti yaweza kumliza mtu asiyejua hata neno moja la lugha inayoimbwa. Lakini katika mfano huu sauti haikubadilika, wala mizani, wala kina, wala maana ya neno katika kamusi. Hata hivyo mwenyeji wa Lamu akisikia machozi mahali pa matozi katika wimbo wa bibi yake, atajua mara hiyo kwamba mgeni ameugusa. Basi kilichoondoka kimeondoka na neno peke yake.

Kilichoondoka ni nini? Ni habari ya nani aliaye. Machozi ni machozi ya mtu yeyote. Matozi ni ya mtu wa nyumba fulani, wa mtaa fulani, mwenye mama aliyemwita kwa sauti ile. Neno la kwao mtu hubeba pamoja na maana yake kumbukumbu ya midomo iliyolitamka kwanza. Kwa hiyo nyimbo za kubembeleza watoto, za mavugo ya arusi, za wakulima na za wavuvi, ndizo zishikazo lahaja kwa nguvu kuliko barua na hotuba. Barua huandikiwa mtu wa mbali, na mwandishi hutafuta neno litakaloeleweka kule iendako. Mtoto mchanga hakai mbali. Huimbiwa kwa maneno ya chumbani.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu. Si kweli kwamba neno la lahaja lina huzuni au heshima ndani yake, kama vile pilipili ilivyo na ukali. Msikilizaji wa Lamu, matozi kwake ni neno la kila siku. Lamgusa kwa sababu ni la karibu. Msikilizaji wa Dar es Salaam huliona kuwa neno la kale, la washairi, lenye fahari. Lamgusa kwa sababu ni la mbali. Mwanafunzi wa Issenye aweza asiguswe kabisa, maana kwake ni fumbo tu mpaka afunuliwe. Neno ni moja, wasikilizaji ni watatu, na hisia ni tatu. Na tofauti hii ya wasikilizaji imeletwa na historia, ambayo sasa tutaieleza kwa ufupi.

Zamani, kabla ya shule za serikali, pwani haikuwa na lahaja moja iliyotawala zote katika maandishi ya kila siku. Katika ushairi, hata hivyo, miji ya kaskazini, yaani Pate, Lamu na jirani zake, ilikuwa na heshima kubwa. Mwana Kupona aliutunga utendi wake wa kumuusia binti yake mwaka 1858 katika Kiswahili cha huko, na watunzi wa miji mingine walizoea kuazima maumbo ya kaskazini ili beti zao zisikike kuwa za kweli. Habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa nchi hiyo, ziliimbwa kwa vizazi vingi kabla Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu kuziandika katika utenzi wake wa mwaka 1913.

Katika habari hizo kuna jambo linalotufaa hapa. Liyongo alipofungwa gerezani Pate, mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakakila kilicho kizuri, wakimwachia kilicho duni. Basi alimtuma Saada kwa mama yake kwa maneno ya wimbo, aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakampa mwenyewe. Kisha akaomba watu waimbe na kucheza gungu, na katika kishindo cha nyimbo akaikata minyororo. Wazee wakisimulia habari hii husifu akili ya Liyongo. Mimi naona ndani yake pia picha ya maneno tuliyo nayo: kwa nje huonekana duni, na apitaye hudhani hayana kitu, lakini aliyetumiwa ajua yaliyomo.

Mombasa nayo ilikuwa na fahari yake. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi ya Kimvita katika siku ambazo Wamazrui wa Mombasa walishindana na Seyyid Said, hata mji ukaangukia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837. Hapo neno la Kimvita halikuwa la upole wa chumbani tu. Lilikuwa kama bendera: mtunzi akitamka kwa ulimi wa mji wake, mji wote ulijisikia umesema, na adui naye alisikia. Hivyo lahaja ile ile yaweza kubeba mapenzi katika wimbo mmoja na ushujaa katika mwingine.

Mashairi ya Muyaka yangepotea mengi kama si kazi ya watu wawili. Mmoja ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyeyakusanya kwa wenyeji waliokuwa wakiyakumbuka. Wa pili ni W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, aliyeyaandika pamoja naye na kuyahifadhi. William Hichens akayapiga chapa mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kikubwa juu ya Muyaka mwaka 1979. Kazi ya Mwalimu Sikujua ndiyo ya kutazamwa sana. Mashairi hayo yalikuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika maandishi ya kale alama za irabu zilikuwa tatu tu, hali irabu za Kiswahili ni tano: e na i zilishirikiana alama moja, o na u nyingine. Kwa hiyo karatasi peke yake haikutosha. Alihitajiwa mtu aujuaye wimbo kwa sikio, ndipo maandishi yasomeke sawasawa.

Wakati huo huo wageni walikuwa wakishindana juu ya lahaja ipi iwe ya vitabu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na wamisionari waliomfuata huko walikipenda Kimvita. Askofu Steere, aliyekaa Unguja, alitumia Kiunguja, na mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya huko. Hata Biblia ilikuwa na tafsiri ya Unguja na tafsiri ya Mombasa, mpaka ilipotolewa ile ya muungano mwaka 1952. Serikali zilitaka lugha moja kwa shule zote. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosahihisha vitabu vya shule na kutoa kamusi ya Frederick Johnson mwaka 1939.

Faida ya kazi hiyo hapana awezaye kuikana. Kwa sababu yake mtoto wa Issenye na mtoto wa Tanga husoma kitabu kimoja, na insha hii husomwa na watu wasiojuana. Lakini ilikuwa na tokeo ambalo wachache walilitazamia. Neno la Lamu lililokuwa la jikoni na la kisimani, likiisha kukosa nafasi katika kitabu cha shule, likabaki katika ushairi tu kwa macho ya watu wengine. Kamusi zikalipa alama ya kuwa la kale au la washairi. Mwanamke wa Lamu aliendelea kusema mai kila alipochota maji, wala hakujua kwamba amesema shairi. Kwa hiyo fahari tunayoisikia katika maneno ya kaskazini si kazi ya watunzi peke yao. Sehemu yake imetokana na uamuzi wa 1928.

Angalia yaliyolipata neno utungu. Kwa Kiamu na Kimvita utungu ni uchungu wote: wa jeraha, wa msiba, wa kutengwa na mpenzi. Katika Kiswahili Sanifu uchungu limeshika maana hiyo pana, na utungu limebaki kwa maumivu ya mwanamke anapojifungua. Basi msomaji wa bara akikuta utungu katika wimbo wa msiba, hufikiri juu ya uzazi, na huzuni ya wimbo huchukua sura ambayo mtunzi hakuiweka. Pengine sura hiyo ni nzuri, lakini si ya mtunzi. Mwalimu asipolieleza neno hili, darasa zima laweza kulia kwa sababu isiyokuwapo, au kucheka mahali pa kulia.

Kinyume cha hayo pia hutokea, na hapa watu wa bara tuna bahati. Katika ushairi wa kale moyo huitwa mtima, na ndege huitwa nyuni. Msomaji wa mjini huyaona maneno haya kuwa magumu. Lakini Mganda husema omutima na ennyonyi kila siku, na Mnyarwanda husema umutima na inyoni. Neno lililokauka pwani likawa la washairi, bara lingali bichi. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao ina neno la jamaa hiyo hahitaji kamusi. Akisikia mtima katika wimbo wa Kiswahili, husikia sauti ya kwao ndani ya lugha ya shule. Kwa hiyo mwalimu asiharakishe kulifasiri neno la kale. Kwanza awaulize watoto kama wana neno linalofanana nalo nyumbani.

Mambo haya hayakuwapata Waswahili peke yao. Waskoti wana lugha yao, jamaa ya karibu ya Kiingereza. Bunge lao lilipounganishwa na la Uingereza mwaka 1707, Kiingereza kilizidi kuwa lugha ya sheria na ya shule. Na Maandiko yaliyosomwa kanisani yalikuwa kwa Kiingereza tangu zamani. Kiskoti kikabaki shambani, mekoni na katika nyimbo. Robert Burns, aliyezaliwa mwaka 1759 akafa mwaka 1796, alizikusanya nyimbo za watu wake, akatengeneza nyingi, akampa James Johnson wa Edinburgh, aliyezichapa katika vitabu sita kati ya 1787 na 1803. Huko nako kuna neno lililopatwa na mambo kama ya utungu. Neno greet kwa Kiingereza ni kusalimu. Kwa Kiskoti ni kulia machozi. Mwingereza asiyefunuliwa husikia salamu mahali ambapo mama anamlilia mwanawe. Burns hakuyaondoa maneno ya namna hiyo ili kumpendeza msomaji wa London. Katika vitabu vyake aliweka orodha ya kuyaeleza. Njia hiyo ni nzuri: wimbo ubaki kama ulivyo, na msaada uwekwe kando yake.

Mfano mwingine watoka Unguja yenyewe. Taarabu ilipoingia katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wengi wa mjini hawakuyaelewa maneno. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, aliimba kwa Kiswahili cha watu wake, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Watu wa Ng'ambo walisikia mambo yao yakitajwa kwa maneno yao wenyewe, na sauti ile ikasafiri mbali. Tazama basi ajabu ya mwaka ule wa 1928: mkutano wa Mombasa ulikifanya Kiunguja kuwa lugha ya vitabu, na katika mwaka uo huo mwanamke wa shamba la Unguja alikitia katika santuri kikiwa cha mapenzi, masikitiko na mzaha. Kiunguja nacho kilikuwa lugha ya nyumbani kabla ya kuwa sanifu. Sisi tuliokipokea vitabuni twasahau jambo hilo upesi.

Sasa na turudi Issenye. Lugha za kundi la Kiisenye, Kinata na Kiikoma zina irabu saba, hali herufi za irabu tulizofundishwa kwa Kiswahili ni tano. Mtu akiuandika wimbo wa kwetu kwa herufi hizo tano bila alama, maneno mawili yaliyo mbalimbali hugeuka moja, kama vile irabu tano za Kiswahili zilivyobanwa katika alama tatu za Kiarabu. Mzee aujuaye wimbo atausoma vema. Mjukuu wake hataweza, na mzee akiisha kufariki hapatakuwa na Mwalimu Sikujua wa kuulizwa. Hasara ya pili ni kubwa zaidi: kijana akiulizwa maana ya wimbo wa bibi yake, huufasiri kwa Kiswahili, na maneno matatu au manne ya huzuni, yenye tofauti zake, hugeuka neno moja tu, huzuni. Kisha huandika fasiri, wimbo wenyewe huachwa.

Tena kuna maneno ambayo hayana fasiri kabisa, nayo ni majina ya mahali. Wazee wa Waisenye husimulia habari za Nyeberekera, makao yao ya zamani upande wa mashariki, waliyoyaacha katika karne ya 19 wakatawanyika. Nyika za upande huo sasa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951. Jan Bender Shetler alichapa mwaka 2003 historia za Mara ya kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, na kazi ya namna hiyo yaonyesha jinsi jina moja liwezavyo kushika kumbukumbu ya watu wote. Mgeni akisikia Nyeberekera husikia jina tu. Mwisenye husikia safari.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu mambo manne. Kwanza, wimbo uandikwe kama ulivyoimbwa, hata kama neno laonekana kosa; kulisahihisha ni kulifuta. Pili, irabu zote saba zipewe alama zake, tusiridhike na tano. Tatu, kando ya wimbo iandikwe maana ya kila neno gumu kama alivyoieleza mwimbaji, na mahali alikolipata: kwa mama, kwa Wanata, kwa Waikoma, au kwa rika lake. Nne, aulizwe pia ni wakati gani neno hilo husemwa nje ya wimbo. Maana tumeona ya kuwa neno la kila siku na neno lililobaki katika nyimbo tu humgusa msikilizaji kwa namna mbili, na baada ya kizazi kimoja hapana awezaye tena kuzitenga.

Kiswahili Sanifu hakidhuriwi na kazi hii. Mtoto aweza kuandika machozi katika mtihani wake na kuimba matozi katika wimbo, akijua kwa nini. Naye aweza kusoma vitabu vya Dar es Salaam na kumwimbia mdogo wake Kiisenye jioni. Lakini wimbo ulioandikwa kwa maneno ya kuazima hauna njia ya kurudi kwao. Wazee wenye nyimbo hizo wapo leo katika vijiji vyetu, nao wakiombwa huimba.